Taji la Jua: Maisha na Kazi ya Bernard Lyot, na Istilahi Zinazohitajika Kuyaeleza kwa Kiswahili

Majina ya mahali pengi katika nchi yetu yana maana iliyo wazi kwa kila ajuaye Kiswahili. Kibaoni ni mojawapo. Kibaoni tunayoitaja hapa ni ile ya Mpimbwe, mkoani Katavi, ambayo msafiri atokaye Mpanda huifikia baada ya kuvuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Jina lenyewe lasema kwamba hapo ni mahali penye kibao. Kibao cha njiani ni kitu kidogo, lakini kikigeuzwa kuelekea pasipo, msafiri hupotea ingawa barabara ni ileile. Istilahi nayo ni kibao cha namna hiyo.

Tunaanza na Kibaoni kwa sababu tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na njia ya kupatwa huko, yenye upana wa kilometa 100 hivi, iliingia Tanzania kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, ikapita katika Mkoa wa Katavi, kisha ikaelekea Mbeya na kusini mwa nchi. Watazamaji wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali. Basi na tumfikirie mwalimu wa Kibaoni anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jambo hilo, akachukua kitabu cha kigeni juu ya mwanafalaki wa jua, akakifasiri. Punde si punde atakutana na maelezo kwamba jua lilipopatwa kabisa mtaalamu aliondoa kioo cheusi na kulitazama kwa macho matupu. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini mwanafunzi wa Katavi ambaye angeyafuata siku ile ya Septemba 2016 angeweza kupoteza uwezo wa kuona. Kosa lisingekuwa la kitabu wala la mwalimu. Lingetokana na neno moja kutumika kwa mambo mawili.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi maisha na kazi ya Bernard Lyot, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa elimu ya jua ya karne ya 20, na kuchungua njiani istilahi ambazo mfasiri atazihitaji.

1. Mwanafalaki au mnajimu?

Swali la kwanza ni jina la kazi yake. Kiswahili kina maneno mawili ya zamani, yote yenye asili ya Kiarabu: falaki na unajimu. Hapo kale maneno haya yalikaribiana sana, kwani mtu yuleyule aliyejua kupanda na kutua kwa nyota ndiye aliyeulizwa siku njema ya kusafiri au ya kuoa. Leo matumizi yamekwisha kuyatenganisha. Mnajimu, kwa msikilizaji wa kawaida, ni mtu atabiriye mambo ya watu kwa kutazama nyota. Kumwita Lyot mnajimu wa jua ni kumpa msomaji picha ya mtu mwingine kabisa.

Neno mwanaastronomia nalo limo katika vitabu, wala si kosa. Hata hivyo, palipo na neno lililokwisha kuzoeleka, lililo fupi na lisiloleta utata, hapana haja ya kuliacha. Katika makala haya tutatumia mwanafalaki, na elimu yake tutaiita falaki.

2. Maisha yake

Bernard Lyot alizaliwa Paris tarehe 27 Februari 1897. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Lyot alisomea uhandisi wa umeme mjini humo, kisha akawa msaidizi wa mwanafizikia Alfred Pérot katika chuo cha École Polytechnique. Mwaka 1920 aliingia katika kituo cha falaki cha Meudon, nje kidogo ya Paris, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote.

Utafiti wake wa kwanza haukuwa wa jua. Alichunguza nuru inayorudishwa na mwezi na sayari. Yafaa ieleweke kwamba mawimbi ya nuru hutikisika pande zote, lakini nuru ikigonga kitu na kurudi, sehemu yake huelekea kutikisika upande mmoja zaidi. Kwa kupima tabia hiyo Lyot aliweza kusema jambo juu ya uso wa kitu asichoweza kukigusa. Katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1929 alionyesha kwamba nuru ya mwezi inafanana na ile inayorudishwa na vumbi la majivu ya volkano. Binadamu walipotua mwezini mwaka 1969 walikuta kweli uso uliofunikwa na vumbi laini.

Heshima alizopata ni nyingi. Mwaka 1939 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na mwaka huohuo Chama cha Kifalme cha Falaki cha Uingereza kilimpa Nishani yake ya Dhahabu. Lakini jina lake limebaki kwa sababu ya jambo moja hasa: aliona taji la jua bila kusubiri jua lipatwe.

3. Taji la jua au korona?

Jua tunaloliona kila siku ni duara angavu lenye ukingo dhahiri. Nje ya ukingo huo kumeenea gesi nyepesi mno, inayotoka pande zote kama miale. Mng'ao wake ni kiasi cha sehemu moja katika milioni ya mng'ao wa uso wa jua, na kwa hiyo hauonekani mchana. Huonekana tu pale mwezi unapoufunika uso wote wa jua: duara jeusi katikati, na miale myeupe kulizunguka. Watu wa Ulaya waliufananisha na taji, wakauita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo, ambalo sisi tumelitohoa kuwa korona.

Kabla ya mwaka 2020 mfasiri angeweza kuandika korona ya jua bila wasiwasi. Tangu mwaka huo hali ni nyingine. Korona imekuwa jina la maradhi midomoni mwa watu wote, ingawa jina rasmi lililotumika nchini ni UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Mwanafunzi akiambiwa kwamba jua lina korona, jambo la kwanza linalomjia ni barakoa na maji ya kunawia mikono.

Ajabu ni kwamba mfanano huo si wa bahati. Mwaka 1968 wataalamu wa virusi waliona kwa hadubini ya elektroni kundi la virusi vilivyozungukwa na vijinundu, wakasema umbo lake linakumbusha korona ya jua, wakavipa jina hilo. Kwa hiyo jua ndilo lililoazima maradhi jina lake. Lakini Kiswahili kililipokea neno hili kwa wingi kupitia maradhi, na neno hufuata njia lililopitia.

Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi hutuagiza kutazama kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwishoni kabisa kukopa kutoka lugha za kigeni. Hapa hatuhitaji kwenda mbali. Taji ni neno letu la siku nyingi, lina maana ileile ya neno la Kilatini, na picha yake inaeleweka hata kwa mtoto. Tunapendekeza taji la jua. Wako watakaosema kwamba korona inatuunganisha na mataifa mengine. Hoja hiyo ina uzito kwa msomi wa chuo kikuu, naye hatashindwa kulijua neno hilo. Lakini istilahi ya shule huundwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajui.

4. Chombo chake

Tangu karne ya 19 wanafalaki walisafiri nchi za mbali kufuata kila kupatwa kwa jua, ili walione taji kwa dakika mbili au tatu. Mawingu yakitanda, safari ya miezi ilipotea bure. Wengi walijaribu kutengeneza kupatwa kwa bandia, yaani kuweka kisahani ndani ya darubini ili kizibe duara la jua. Walishindwa, na sababu zake mbili ndizo Lyot alizozishughulikia.

Sababu ya kwanza ni anga. Vumbi na mvuke hutawanya nuru ya jua, na weupe huo unaolizunguka jua hulizidi taji kwa mng'ao. Anga la Bonde la Rukwa mwezi Septemba, lenye vumbi la kiangazi na moshi wa nyasi zilizochomwa, ni mfano mzuri wa anga lisilofaa. Lyot alipanda hadi kituo cha Pic du Midi, katika milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa, mita 2,877 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile cha mlima Rungwe. Huko, baada ya theluji kusafisha hewa, anga karibu na jua lilikuwa la buluu iliyokolea.

Sababu ya pili ni darubini yenyewe. Kila kipovu ndani ya kioo, kila mkwaruzo na kila chembe ya vumbi juu ya lenzi hutawanya nuru. Lyot alitumia lenzi moja tu ya mbele, iliyochaguliwa na kusuguliwa kwa uangalifu mkubwa. Nyuma yake aliweka kisahani cha kuziba duara la jua. Kisha akatambua kwamba nuru hupinda pia kwenye ukingo wa lenzi na kuingia pasipotakiwa. Aliongeza lenzi ya pili iliyotengeneza sura ya ule ukingo, na mahali pa sura hiyo akaweka kiwambo chenye tundu kuizuia nuru ya ukingoni isipite. Mwaka 1930 chombo kilifanya kazi, na taji la jua likachunguzwa siku ambayo jua halikupatwa. Katika miaka iliyofuata alipiga filamu za ndimi za jua, yaani zile gesi zinazoinuka ukingoni kama ndimi za moto, na watu wakaziona zikitembea.

Kiitwe nini chombo hiki? Wengine hutohoa kuwa koronografu. Neno hilo lina kasoro mbili: linarudisha utata wa korona, na sehemu yake ya mwisho haimwambii kitu msomaji wa Kiswahili. Ikiwa kitu kinachotazamwa ni taji la jua, yafaa chombo kiwe darubini ya taji. Istilahi za fani moja zapasa kuonyesha undugu wao kwa sura, ili ajuaye moja aweze kuikisia ya pili.

Chombo chake kingine, alichokibuni mwaka 1933, ni chujio lililotengenezwa kwa vipande vya fuwele vilivyopangwa ili kupitisha rangi moja tu ya nuru na kuzuia nyingine zote. Hapa lugha haitupi tabu. Chujio la nazi na chujio la chai hufanya kazi hiyohiyo: hupitisha kinachotakiwa na kubakiza kisichotakiwa. Tuliite chujio la rangi moja.

5. Jina lisilo na kitu

Kabla hatujafika mwisho wa maisha ya Lyot, kuna kisa ambacho kila mtunga istilahi yafaa akijue. Jua lilipopatwa mwaka 1869, wataalamu wawili wa Marekani, Charles Young na William Harkness, walipitisha nuru ya taji katika chombo cha kuchambua rangi, wakaona mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ikadhaniwa kwamba ni elementi mpya, nayo ikapewa jina koroniamu. Jina hilo likaandikwa vitabuni kwa miaka mingi.

Kwa darubini yake Lyot alipima mistari hiyo mara nyingi, jambo lisilowezekana katika dakika chache za kupatwa, akaona kwamba ni mipana mno. Upana wa namna hiyo ni dalili ya joto kali sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Bengt Edlén wa Sweden, akifuata wazo la Mjerumani Walter Grotrian, alithibitisha kwamba mstari wa kijani ni wa chuma, ambacho kila atomi yake imepoteza elektroni 13 kwa sababu ya joto linalozidi nyuzi milioni moja. Uso wa jua wenyewe una nyuzi 5,500 hivi tu. Kumbe koroniamu haikuwako. Kilichokuwako ni chuma kilekile ambacho wahunzi wa Ufipa, majirani wa Katavi, walikiyeyusha katika malungu yao.

Funzo kwetu ni kwamba jina likishapatikana, watu hudhani kitu kimekwisha kujulikana. Kadhalika mfasiri anapotohoa neno la kigeni bila kuuliza maana yake, hujiona amefasiri, ilhali amebandika kibao mahali asipopajua.

6. Khartoum 1952 na Katavi 2016

Darubini ya taji iliona sehemu ya ndani tu, iliyo angavu zaidi. Ili kuchunguza sehemu za nje, hata Lyot alilazimika kufuata kupatwa kwa jua kama wenzake waliomtangulia. Tarehe 25 Februari 1952 alikuwa Khartoum, Sudan, ambako mwezi ulifunika jua lote kwa dakika tatu hivi. Akiwa njiani kurudi, ndani ya treni karibu na Cairo, alishikwa na ugonjwa wa moyo, akafariki tarehe 2 Aprili 1952, mwenye umri wa miaka 55.

Siku ile ya Septemba 2016 pete ilidumu pia dakika tatu na sekunde sita pale ilipodumu zaidi, kusini mwa Tanzania. Muda ni uleule, na neno letu la kila siku ni lilelile: jua limepatwa. Lakini matukio haya mawili ni tofauti kabisa kwa macho ya mtazamaji. Mwaka 2016 mwezi ulikuwa mbali kidogo zaidi na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua. Ulifunika asilimia 97 ya kipenyo chake, sawa na asilimia 95 hivi ya eneo la uso wake. Sehemu tano katika mia zilizobaki ndizo zilizofanya pete. Tukikumbuka kwamba taji ni sehemu moja katika milioni tu, hesabu yaonyesha kwamba pete ile iling'aa mara 50,000 kuliko taji ambalo Lyot alilitazama. Pete hiyo ni jua lenyewe. Huunguza jicho, na kwa kuwa sehemu ya nyuma ya jicho haina hisi ya maumivu, mtu haoni uchungu wakati anapoumia.

Hapa ndipo neno kikamilifu linapokuwa la hatari. Mtu akiandika katika tangazo kwamba jua litapatwa kikamilifu kwa umbo la pete, amekusudia kusema kwamba mwezi utaingia wote ndani ya duara la jua. Msomaji anasikia kwamba jua litafunikwa lote. Tena wako wazee wanaokumbuka tarehe 16 Februari 1980, jua lilipofunikwa lote katika sehemu za Tanzania na Kenya. Wao waliyoyaona yalikuwa kweli, lakini si mwongozo kwa siku ya pete.

Kitenzi chenyewe hakina kosa. Kupatwa ni neno zuri, na Waislamu wanalo pia kusufu, litumikalo kwa sala ya wakati huo. Kinachohitajika ni kuambatisha kielezi kisichobadilika kwa kila aina. Neno nusu, ambalo baadhi ya watu hulitumia kwa kupatwa kusiko kamili, lafaa kuachwa, kwani sehemu inayofunikwa yaweza kuwa moja ya kumi au tisa ya kumi.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Mwanafalaki: mtaalamu wa elimu ya jua, mwezi, sayari na nyota. Asichanganywe na mnajimu.

Taji la jua: gesi nyepesi yenye joto kali inayolizunguka jua, ambayo kwa macho huonekana tu katika kupatwa kamili.

Ndimi za jua: gesi zinazoinuka kutoka ukingoni mwa jua kwa umbo la ndimi za moto.

Darubini ya taji: darubini yenye kisahani na kiwambo vya kuzuia nuru ya uso wa jua ili taji lionekane.

Chujio la rangi moja: chombo kinachopitisha rangi moja tu ya nuru.

Kupatwa kamili: kupatwa ambako mwezi hufunika uso wote wa jua. Ni katika dakika hizo tu, na mahali palipo ndani ya njia yake tu, ambapo jua laweza kutazamwa bila kinga.

Kupatwa kipete: kupatwa ambako mwezi huacha pete ya jua pande zote. Kinga ya macho yahitajika tangu mwanzo hadi mwisho.

Kupatwa kisehemu: kupatwa ambako mwezi hufunika upande mmoja tu wa jua, uwe mdogo au mkubwa. Kinga yahitajika wakati wote.

8. Hitimisho

Jambo hili si la kuahirishwa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na njia ya kupatwa kamili itapita Misri na kufika hadi kaskazini mwa Somalia, ambapo hapa Tanzania kupatwa kutakuwa kisehemu. Tarehe 21 Mei 2031 njia ya kupatwa kipete itapita tena katika Tanzania. Redio za nchi za jirani zitatangaza kwa Kiswahili kilekile siku ileile, kwa wasikilizaji walio katika hali tofauti. Watumishi watakaoandika matangazo, walimu watakaoyasoma darasani na wafasiri watakaoyafasiri wana muda wa kutosha wa kukubaliana juu ya maneno matatu.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Wasomaji wanaombwa kuyapima, hasa walimu wa mikoa ambayo pete ilionekana mwaka 2016, maana wao wanayajua maneno ambayo wanafunzi wao waliyatumia siku ile. Ikiwa katika Kipimbwe, Kifipa au lugha nyingine ya jirani limo neno la kupatwa kwa jua linalotofautisha aina hizi vizuri zaidi, lafaa kuletwa lizingatiwe.